Nani ana haki ya kusema: imekwisha?



Katika gazeti letu tumezoea kusoma mafundisho juu ya sala, ndoa na malezi ya watoto. Leo ninaomba ruhusa niwaandikie juu ya maji ya kisima na matanki ya mafuta. Musishangae. Mutaona kwamba ni jambo la zamiri, na zamiri ya kwanza inayoshitakiwa hapa ni yangu mimi mwenyewe.

1. Jambo lililonipata

Baba mmoja mzee wa kanisa letu alikuwa na parseli pembeni ya barabara kubwa. Zamani pale palikuwa stasio ndogo ya mafuta. Pompe ziliondolewa, nyumba ikavunjwa, majani yakaota. Lakini chini ya ardhi yalibaki matanki mawili ya chuma. Mzee aliponunua parseli ile hakuambiwa kitu. Aliyajua matanki siku alipochimba shimo la taka na jembe likagonga chuma.

Miaka ikapita. Binti yake akashikwa na ugonjwa, ikaomba apasuliwe. Mzee akaamua kuuza parseli. Mnunuzi alikuwa kijana wa kanisa hilihili, mwenye mke na watoto watatu. Usiku mmoja mzee akaja kwangu, akaniuliza: «Papa Shemasi, kijana hajaniuliza habari ya vitu vilivyo chini. Inafaa nimwambie?»

Nilijua kwamba akimwambia, bei itashuka, na hospitali haingoji. Nikamjibu: «Baba, matanki yale ni matupu, na stasio ilifungwa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Kijana hakuuliza, na wewe hukusema uongo. Jambo lile limekwisha.»

Mzee akaenda akilala usingizi. Na mimi nililala vizuri, nikijiona kuwa mtu wa huruma.

Kijana akajenga, akachimba kisima. Miezi ya kwanza maji yalikuwa mazuri kwa macho. Kisha mama wa nyumba akaanza kusikia harufu, na katika ndoo akaona rangi rangi juu ya maji kama upinde wa mvua. Akafikiri ni ndoo, akabadilisha ndoo. Akachemsha maji, harufu ikajaa jikoni. Watoto wakalalamika kichwa na tumbo. Siku ya Mungu akanifikia nyuma ya ibada, na chupa mkononi, akasema: «Papa Shemasi, utuombee maji haya, tunazani kuna mtu anayetufanyia mabaya.»

Nikafungua chupa. Ilikuwa harufu ya mazutu. Wandugu, nilikosa neno. Mama alikuwa anatafuta mchawi, na mwenye kufanya mabaya alikuwa amesimama mbele yake na nguo nyeupe ya kazi ya Mungu.

Tangu siku ile ninalo swali moja: nani ana haki ya kusema «imekwisha»?

2. Mafuta yanafanya nini chini ya udongo

Nilitafuta watu wenye elimu na vitabu ili nifahamu. Niliyojifunza ni haya.

Tanki la chuma lililozikwa linakula kutu. Linaweza kuvuja tone kwa tone miaka mingi, na mwenye kuuza asione hasara. Mafuta yanashuka katika udongo mpaka yanafika kwenye maji ya chini. Esansi na mazutu ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo zinalala juu ya maji yale. Lakini ndani yake kuna vitu vingine vinavyoyeyuka katika maji na kusafiri pamoja nayo. Kimoja kinaitwa benzini. Kinajulikana kwamba kinaweza kuleta kansa ya damu kwa mtu anayekipata muda mrefu. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: katika lita moja ya maji ya kunywa benzini isipite mikrogramu 10. Marekani wameweka mikrogramu 5. Gramu moja ina mikrogramu milioni moja. Muone udogo wake.

Maji ya chini hayasimami. Yanatembea polepole, na msimu wa mvua yanapanda, msimu wa kiangazi yanashuka. Kwa hiyo kisima kinaweza kuwa kizuri leo na kibaya baada ya miezi. Tena, tanki tupu siyo tanki safi. Mafuta yaliyovuja zamani yameshika udongo, na kila maji yanapopanda yanaosha kidogo na kuchukua.

Hapo nilielewa kosa langu la kwanza. Nilisema limekwisha kwa sababu stasio ilifungwa. Kumbe mlango uliofungwa ni wa duka. Chini, kazi iliendelea.

3. Hata wakubwa walisema ni salama

Musifikiri mambo haya yanapata watu maskini peke yao. Kuna kisiwa cha Oahu, katika Hawaii, jimbo la Marekani lililo katikati ya bahari ya Pasifiki. Kati ya mwaka 1940 na 1943, wakati wa vita, jeshi la maji la Marekani lilichimba matanki 20 ndani ya mlima unaoitwa Red Hill. Kila tanki lina urefu wa mita 76 hivi, upana wa mita 30, na linaweza kupokea karibu lita milioni 47 za mafuta. Chini yake, kwa mita 30 tu, kuna maji ambayo watu wa mji wa Honolulu wanakunywa.

Mwezi wa 1 mwaka 2014 tanki moja lilivuja karibu lita 100,000. Wakubwa wa maji wa mji, na injinia wao mkuu Ernest Lau, walionya kwa miaka: matanki haya hayafai kukaa juu ya maji ya kunywa. Jeshi likajibu kwamba linaweza kuyalinda. Mwezi wa 5 mwaka 2021 mafuta yakamwagika tena kwa kosa la kazi, na sehemu kubwa ikaingia katika bomba lililotengenezwa kwa ajili ya kuzima moto. Hapo ikabaki, hakuna aliyeitafuta. Tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka ule, gari dogo likagonga bomba lile, na lita zaidi ya 70,000 zikatoka. Sehemu yake ikaingia kwenye kisima cha jeshi, kilichokuwa kinapeleka maji kwa watu karibu 93,000.

Jamaa zikaanza kusikia harufu ya mafuta katika maji ya nyumbani. Watoto wakatapika, wengine ngozi ikawasha. Siku za kwanza waliambiwa kwamba maji ni salama. Kisha ukweli ukajulikana, na maelfu ya jamaa zikahamishiwa hoteli. Mwezi wa 3 mwaka 2022 waziri wa ulinzi akatangaza kwamba mahali pale patafungwa kabisa. Kuanzia mwezi wa 10 mwaka 2023 hata mwanzo wa 2024 walitoa karibu lita milioni 400 za mafuta. Na mwezi wa 5 mwaka 2025 mwamuzi aliamuru watu 17 wa kwanza walioshitaki walipwe pamoja zaidi ya dola 680,000.

Ninawaeleza haya kwa sababu moja. Wale walikuwa na mainjinia, laboratware na fedha. Walichokosa siku za kwanza ni kumwamini mama aliyesema: maji yangu yananuka.

4. Barua ya kufunga

Katika inchi ya Marekani walikuwa na matanki mengi sana ya stasio yaliyozikwa. Mwaka 1984 wakaweka sheria juu yake, na mwaka 1986 wakaanzisha sanduku la fedha linalotokana na kodi ndogo ya esansi ili kusafisha pale ambapo mwenye kosa haonekani au hana uwezo. Tangu hapo wamehesabu zaidi ya mahali 500,000 palipovuja. Sehemu kubwa wamekwisha kuzishughulikia.

Kazi yenyewe ni hii. Wanatoa tanki na udongo mbaya. Wanachimba visima vidogo vya kupimia kuzunguka mahali pale. Wanavuta mafuta yaliyo juu ya maji, au wanapuliza hewa chini. Sehemu nyingine wanaachia vijidudu vya udongo, maana Muumba ameweka ardhini vijidudu vinavyoweza kula mafuta polepole. Kisha, vipimo vikikubaliwa, ofisi ya serikali inaandika barua: hakuna kazi nyingine inayohitajika. Faili inafungwa.

Lakini musome barua ile vizuri. Mara nyingi haisemi kwamba mafuta yamekwisha kabisa. Inasema kwamba yaliyobaki hayana hatari kubwa kwa matumizi ya sasa. Katika jimbo la California, mwaka 2012, waliweka kanuni inayokubali wazi kufunga faili ijapokuwa mabaki yako chini, kama hayaendelei kutembea na hayawezi kuwafikia watu. Mahali pengine wanaandika katika karatasi za parseli kwamba hairuhusiwi kuchimba kisima pale. Na wakipata habari mpya, faili inaweza kufunguliwa tena.

Katika Afrika yetu pia tuna fundisho. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti juu ya inchi ya Waogoni, kule Nigeria. Katika kijiji cha Nisisioken Ogale watu walikuwa wanakunywa maji ya visima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Juu ya maji ya chini walikuta mafuta yenye unene wa sentimita 8. Tena waliangalia mahali 15 ambapo vitabu vya kampuni vilisema usafishaji umekwisha. Mahali 10 kati ya hizo bado palikuwa pachafu kupita kipimo cha kampuni yenyewe. Karatasi ilisema imekwisha. Udongo ulisema bado.

5. Pande mbili zinazobishana

Hapa tufikiri pamoja, wapendwa, maana pande zote mbili zina neno la kweli.

Upande wa kwanza unasema: hauwezi kungoja mpaka tone la mwisho litoke. Fedha ina mwisho. Ukitumia yote kusafisha mahali pamoja mpaka pang'ae, mahali pengine kumi ambapo watoto wanakunywa sumu patabaki bila kitu. Tena mwenye kosa asipowekewa mwisho, atakata tamaa na kukimbia. Maneno haya siyo ya ujanja tu. Hata baba mwenye akili, nyumba ikivuja pande nyingi, anaanza juu ya kitanda cha mtoto.

Upande wa pili unasema: sumu ni sumu. Anayeacha nusu na kuandika «imekwisha» anawaibia wale watakaokuja. Maneno haya pia ni ya kweli, na watu wa Ogale wanayajua.

Mimi nilifikiri muda mrefu, na hivi ndivyo ninavyoona. Parseli ya mzee wetu haikumuumiza mtu wakati ilipokuwa na majani. Ilianza kuumiza siku kisima kilipochimbwa. Udongo ulikuwa uleule, mafuta ni yaleyale. Kilichobadilika ni mtu na haja yake. Kwa hiyo neno «haina hatari» siyo neno juu ya udongo peke yake. Ni neno juu ya watu wanaokuja na kazi watakayofanya pale. Kufunga faili, basi, ni kutoa ahadi juu ya kesho.

Na ahadi inaomba nini? Inaomba kuwe na mtu anayeipokea, naye aijue. Hauwezi kumwahidi mtu kitu katika giza. Ukiacha mabaki chini ya ardhi na kumwambia yule anayekuja, akajua, akakubali, akachota maji yake mahali pengine, umefunga jambo kwa haki. Ukiacha mabaki yaleyale na kunyamaza, haukufunga kitu. Umekifunika.

Hilo ndilo kosa langu la pili, kubwa kuliko la kwanza. Usiku ule katika nyumba yangu tulikuwa wawili, mzee na mimi. Kijana hakuwako. Mke wake hakuwako. Watoto watatu hawakuwako. Na sisi wawili tulisema «imekwisha» kwa ajili yao watano.

Mtaniambia: lakini mzee mwenyewe alidanganywa na yule wa kwanza! Ndiyo. Na binti yake alikuwa anaumwa! Ndiyo. Mambo hayo yanapunguza hukumu, lakini hayaondoi deni. Anayepokea shimo bila kulichimba, akisha kulijua, linakuwa lake. Sheria ya Musa inasema wazi juu ya mtu aliyeacha shimo bila kifuniko na ng'ombe wa mwenzake akatumbukia: mwenye shimo atalipa. Sheria haingojei kwanza kuuliza kama ng'ombe aliuliza njia.

6. Kusamehewa na kutengeneza

Sisi Wakristo tuna hatari yetu pekee. Tunajua kwamba Mungu anasamehe, na tunakimbilia kusema: nimetubu, imekwisha. Mumkumbuke Zakayo. Siku Bwana alipoingia nyumbani kwake, hakusimama kuimba tu. Alisema habari ya mali: nusu kwa maskini, na wale aliowadanganya atawarudishia mara nne. Baada ya hapo ndipo Bwana alitangaza wokovu wa nyumba ile. Musamaha unatoka kwa Mungu bure, lakini maji ya jirani hayasafishwi na machozi yangu.

Wengine watauliza: sasa, maji yakiombewa, hayatakasiki? Wandugu, mimi sidharau sala juu ya maji. Lakini tuangalie nabii Elisha pale Yeriko. Watu wa mji walikuja kwanza na kumwambia ukweli: mji ni mzuri, lakini maji ni mabaya. Naye akaenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe, hakubaki kwenye ndoo. Ukweli ulitangulia, na kazi ilifanyika pale ubaya ulipoanzia. Mimi mama aliponiletea chupa, kama ningaliomba juu yake na kunyamaza juu ya matanki, sala ile ingalikuwa uongo wa pili mbele ya Mungu.

7. Tuliyofanya

Nilimwambia mama ukweli palepale. Alinitazama muda mrefu, akaenda bila kuaga. Alikuwa na haki.

Kisha nikaenda kwa mzee, na wazee wengine wa kanisa wakatusaidia kukaa na kijana. Mzee alikubali kurudisha sehemu ya bei, kidogo kidogo kila mwezi, na mimi ninachangia, maana shauri lilitoka kinywani mwangu. Kisima kilifunikwa na kuandikwa kwamba maji hayafai. Vijana wa kanisa walikuwa wanapeleka bidoni za maji katika nyumba ile mpaka bomba lilipovutwa. Fundi anayejua kazi alitoa matanki. Moja lilikuwa na tundu ninazoweza kuingiza kidole. Udongo wa chini ulikuwa mweusi na wa kunuka.

Mwaka uliopita mzee aliniuliza: «Papa Shemasi, sasa imekwisha?» Nilimjibu: «Baba, usiku ule ulikosea kuniuliza mimi, na mimi nilikosea kukujibu. Twende tumuulize mama.»

Tulikwenda. Mama alitupa viti, akatuletea chai. Akasema: «Musamaha nimewapa. Lakini maneno yale pale kwenye kisima musiyafute. Wajukuu wangu hawajazaliwa bado, na wao watataka kujua.»

Nilipata jibu langu kwake. Anayemwaga mafuta hana haki ya kusema imekwisha akiwa peke yake. Ofisi inaweza kusema, kama imepima kwa haki na kueleza yaliyobaki. Lakini neno lile halijakamilika mpaka yule anayekunywa amelisikia na kulifahamu. Na hata yeye anaweza kutoa musamaha leo, na maandishi yakabaki kwa ajili ya wale wa kesho. Kusamehe na kusahau ni mambo mawili.

8. Mashauri kwa ndugu zangu

Kama katika parseli yako kulikuwa tanki, stasio, garage au mashini ya umeme iliyovuja mazutu, uwaambie jamaa yako, na umwambie mnunuzi mbele ya mashahidi, hata asipouliza.

Usichimbe kisima karibu na mahali pa namna ile bila kupata shauri la watu wanaojua maji.

Maji yakinuka mafuta, usiyanywe na usiyapikie. Kuyachemsha siyo dawa, maana mvuke wenyewe unapumuliwa. Dawa ya kuua vijidudu pia haiondoi mafuta. Lakini pua siyo laboratware. Kama kuna njia ya kupimisha, upimishe.

Mtu asishuke na taa ya moto katika kisima kinachonuka esansi, wala katika tanki la zamani. Mvuke ule unalipuka na unaua.

Ninyi vijana munaouza esansi barabarani, wale tunaowaita Kadhafi, na ninyi mafundi wa magari: mafuta ya vidanji musiyamwage katika mfereji wala katika choo. Kisima cha jirani kiko chini ya miguu yenu.

Na ninyi mashemasi wenzangu, mtu akija usiku kuuliza kama anaweza kunyamaza, mufikiri kwanza wale wasiokuwa katika chumba. Muwawekee kiti. Kisha ndipo mujibu.

Isaka alipofika katika inchi ya baba yake, alikuta visima vimezibwa, akavichimba tena ili watu wapate kunywa. Na sisi tusiwe watu ambao watoto wao watafika na kukuta maji yameharibiwa na baba zao, na hakuna aliyewaambia.

Bwana awabariki, na awape maji safi. Amina.

Ni mimi ndugu yenu, shemasi.